MAFUNZO YA LUGHA: Mama hajatoka msituni



Mwezi uliopita tulipokea barua ya baba mmoja wa jamaa, mkaaji wa Butembo, ambaye ametupa ruhusa kueleza habari yake, ila jina lake tulifiche. Mama yake, aliye mzee sana, alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Watoto wakafanya shauri, wakakubaliana wampeleke ng'ambo ya mpaka, katika hospitali moja ya Uganda. Wakapita Kasindi, wakamfikisha salama, akalazwa. Binti mmoja akabaki kumwuguza, wengine wakarudi kwenye kazi zao. Siku ya sita mganga akampelekea yule baba ujumbe mfupi kwa simu, kwa Kiingereza, nao ulisema hivi: "She is better, but she is not out of the woods yet."

Baba huyo alisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza chake ni kile cha maduka ya Kampala, anakokwenda kununua vitambaa. Akatwaa kamusi, akafasiri neno moja moja, akapata: "Yeye ni afadhali, lakini bado hajatoka msituni." Akasoma mara ya pili, na moyo ukamwaka. Msitu gani? Ni kweli kwamba mama yake alizaliwa kijiji kilicho kando ya msitu, na ya kuwa hajui kusoma. Basi akafikiri kwamba mganga anawadharau, anataka kusema kwamba mgonjwa ni mtu wa porini tu, hata akitibiwa hospitalini. Akawaita ndugu zake. Wakakata shauri kumwondoa mama kesho yake asubuhi, na gari ikakodiwa.

Kwa bahati njema jioni ile sista mmoja mwuguzi, aliyefanya masomo yake Nairobi, alipita kuwasalimu. Akaonyeshwa ujumbe, akacheka. Alipoambiwa habari ya gari aliacha kucheka. "Baba," akasema, "mganga hakuwatukana. Anawaambia kwamba mama amepata nafuu, lakini hatari bado haijapita. Mkimwondoa sasa, mwaweza kumpoteza."

Ndiyo maana ya msemo ule. Waingereza wafikiri juu ya msafiri aliyeingia katika msitu wa giza: ametembea sana, labda anaanza kuona mwanga kati ya miti, lakini hajafika bado mahali peupe, na mnyama au mnyang'anyi aweza kumtokea. Mtu aliyeponyoka hatari kabisa, wamsema ametoka msituni. Aliyebaki na hatari kidogo, hajatoka. Mganga yule angalisema waziwazi, tungalimsifu zaidi. Lakini kila mtu husema kwa lugha aliyoizoea, wala hakukumbuka kwamba maneno yake yatasomwa na mtu mwenye kamusi mkononi.

Tumeanza na habari hii kwa sababu barua nyingi tunazopata juu ya Kiingereza zauliza misemo kama watu waulizavyo vitendawili, kwa kujifurahisha. Si vibaya. Misemo mingine yachekesha kweli, nasi tutacheka pamoja nanyi. Lakini Kiingereza kimekwisha kuingia nyumbani mwetu kwa milango mingi. Jirani zetu wa Rwanda walikata shauri mwaka 2008 kwamba shule zao zifundishe kwa Kiingereza. Nchi yetu yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na katika ofisi nyingi za Jumuiya hiyo karatasi huandikwa kwa Kiingereza. Wafanyabiashara wetu, wagonjwa wetu na wanafunzi wetu hukutana na lugha hiyo kila siku, na mara nyingi kinachowaangusha si maneno magumu. Neno gumu humfanya mtu asimame na kuuliza. Linaloangusha ni neno rahisi, ambalo kila mtu adhani analijua.

Msiwaonee Waingereza, kana kwamba wao peke yao husema jambo moja wakiwa na maana ya jambo jingine. Sisi je? Twasema mtu amepiga magoti, na magoti hayakupigwa na mtu. Twasema fulani ana mkono wa birika, na mkono wake ni kama wa watu wote, ila ni mchoyo. Padri mmoja, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa katika mwezi wake wa tatu wa kujifunza Kiswahili. Siku moja alisikia katekista akisema juu ya mzee fulani: "Yule baba amekula chumvi nyingi." Padri akaingia na wasiwasi. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, alimwita mke wa mzee yule pembeni akamwonya kwa upole apunguze chumvi katika chakula, kwa kuwa inadhuru moyo. Mama yule akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, Padri," akaenda nyumbani akishangaa ni nani aliyepeleka habari za jikoni lake kwa mapadri. Kumbe katekista alitaka kusema tu kwamba mzee yule ameishi miaka mingi!

Basi yatupasa kujua kwanza kwamba msemo haugawanyiki. Ni sawa na mbuzi aliye hai: ukimkata vipande upate kujua uhai wake uko wapi, huupati tena. Chukueni msemo "to kick the bucket". Neno la kwanza ni kupiga teke, la pili ni ndoo. Pamoja maana yake ni kufa. Wala huwezi kugeuza sehemu yoyote ndani yake. Ukisema kwamba ndoo ilipigwa teke na mzee, Mwingereza atatafuta ndoo iliyopinduka na maji yaliyomwagika. Mauti haitamjia akilini.

Na juu ya msemo huo huo tuna onyo, hasa kwa wanafunzi. Kijana mmoja wa shule ya sekondari alikuwa amenakili misemo mia katika daftari, kila msemo na maana yake mbele yake, naye aliijua yote kwa moyo. Mwalimu wake wa Kiingereza, Mganda, akafiwa na baba. Kijana akaandika barua ya rambirambi, akataka kuonyesha jinsi alivyoendelea. Akaandika kwamba amesikitika sana kusikia baba wa mwalimu "has kicked the bucket". Daftari lilimwambia kwamba maana yake ni kufa, na daftari halikusema uongo. Lakini halikumwambia kwamba huo ni msemo wa mzaha, wa watu wanaotania kilabuni, na kwamba mbele ya mfiwa ni kama kofi. Kwa Kiingereza cha adabu husemwa "passed away", karibu sawa na sisi tunaposema mtu ameaga dunia. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, akaelewa, lakini alikaa siku mbili kabla ya kumwambia. Twaona kwamba daftari la misemo linahitaji safu tatu: msemo wenyewe, maana yake, na ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni nani awezaye kumwambia nani.

Sasa tuje kwenye habari ya kufurahisha zaidi. Misemo mingi ya Kiingereza ninyi wasomaji wetu mwaijua tayari, kwa sababu imetoka katika Maandiko Matakatifu. Waingereza walisomewa Biblia kwa lugha yao miaka mingi, hasa ile fasiri iliyochapwa mwaka 1611 kwa amri ya mfalme James, hata maneno yake yakaingia sokoni na mashambani, na leo husemwa na watu wasiofungua Biblia kamwe. Mtu anayejua Historia Takatifu vizuri ana ufunguo mkononi.

Mwaikumbuka karamu ya mfalme wa Babiloni katika kitabu cha Danieli, sura ya tano. Wageni walikunywa katika vyombo vya hekalu, na vidole vya mkono vikatokea, vikaandika ukutani, mfalme akatetemeka. Na usiku ule ule akauawa. Basi Mwingereza akisema aliona "the writing on the wall", hakuna maandishi popote. Ataka kusema kwamba dalili za maangamizi zilikuwa wazi kwa mwenye macho. Mfanyakazi aweza kusema hivyo juu ya kampuni iliyoanza kuchelewesha mishahara, kisha ikauza magari yake, mwishowe ikafunga milango.

Yobu naye, katikati ya mateso yake, alisema kwamba ameponyoka kwa ngozi ya meno yake. Je, meno yana ngozi? Ndiyo nguvu ya neno hilo: alibakiwa na kitu chembamba hata hakionekani. "By the skin of my teeth" maana yake ni kunusurika kwa shida mno, kama mtu anayefaulu mtihani kwa alama moja tu. Isaya alisema kwamba mbele ya Mungu mataifa ni kama tone katika ndoo. Leo "a drop in the bucket" ni msaada mdogo mbele ya mahitaji makubwa, kwa mfano gunia moja la mchele kwa kambi nzima ya wakimbizi. Na yule mbuzi wa kitabu cha Walawi, sura ya kumi na sita, aliyetwishwa dhambi za taifa zima akapelekwa jangwani? William Tyndale, alipochapa fasiri yake ya vitabu vya Musa mwaka 1530, alimwundia jina jipya, "scapegoat", nalo likakaa katika Kiingereza mpaka leo. Ni mtu anayebebeshwa kosa la wengine. Ninyi mliosoma Kifaransa mwamjua kwa jina la "bouc émissaire". Katika ofisi nyingi yuko mmoja, na mara nyingi ni yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Tungependa kukaa kidogo juu ya msemo mmoja wa Injili, kwa kuwa unatokea mara kwa mara katika matangazo ya kazi. Katika Matayo, sura ya tano, Bwana wetu asema kwamba akikulazimisha mtu kwenda maili moja, uende naye mbili. Wasikilizaji wake walielewa vizuri: askari wa Roma aliweza kumshika mtu njiani na kumtwisha mzigo. Basi "to go the extra mile" ni kufanya zaidi ya yale uliyoombwa, kwa moyo mwema. Lakini kijana mmoja wa Goma alisoma tangazo la shirika lililotaka watu "ready to go the extra mile". Hakupeleka barua ya kuomba kazi, kwa sababu alifikiri kwamba kazi ni ya kutembea vijijini kwa miguu, naye aliwahi kuvunjika mguu na hauna nguvu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika hesabu, mezani. Alipojua, siku ya mwisho ya kupokea barua ilikuwa imekwisha kupita. Msemo huo ameusikia kanisani tangu utoto, ila hakuutambua katika mavazi ya Kiingereza.

Si misemo yote iliyotoka katika Maandiko, bila shaka. Mingine imetoka baharini, maana Waingereza ni watu wa kisiwa. "To know the ropes" ni kujua kazi barabara, kama baharia wa zamani aliyejua kila kamba ya tanga ni ya nini. Mingine imetoka vitani. Tarehe 18 Juni 1815, Napoleon alishindwa huko Waterloo, katika Ubelgiji ya leo, na tangu hapo mtu aliyeshinda siku zote kisha akashindwa mara moja kwa kishindo husemwa amekutana na Waterloo yake. Na juu ya jemadari wa bahari Nelson, ambaye jicho lake moja lilikuwa limepoteza nuru, husimuliwa kwamba katika vita vya Copenhagen mwaka 1801 mkubwa wake alimpa ishara aache kupigana; Nelson akaweka darubini kwenye jicho lile bovu, akasema haoni ishara yoyote. Msemo "to turn a blind eye" huunganishwa na kisa hicho. Sisi twasema kufumba macho: mtu aona kosa, naye ajifanya hakuona.

Kifaransa chetu kinatusaidia mara nyingi. Mwingereza asema kitu kimegharimu mkono na mguu, Mfaransa asema kimegharimu macho ya kichwa, na wote wawili wanalalamika juu ya bei. Lakini mjihadhari! Mfaransa aliyeshindwa na kitendawili asema anampa paka ulimi wake, yaani "je donne ma langue au chat". Mwingereza naye ana paka na ulimi, lakini maana ni nyingine kabisa. Akikuuliza "Has the cat got your tongue?", anataka kujua kwa nini umekaa kimya. Ukijibu ndiyo kwa kudhani unaomba jibu la kitendawili, hamtaelewana. Na tuongeze jambo hili dogo la kuchekesha: mtu anayeondoka karamuni kimya bila kuaga, Wafaransa husema ameondoka kwa desturi ya Waingereza, na Waingereza husema amefanya kama Wafaransa. Mataifa haya mawili ni majirani wa miaka mingi.

Yako pia maneno madogo ya adabu ambayo hata si misemo ya kupamba, nayo yapoteza wengi. Karani akikuambia "I am afraid the director is not in," usimtulize. Haogopi kitu, anasikitika tu kukuambia kwamba mkubwa wake hayuko. "Not bad", kinywani mwa Mwingereza, mara nyingi ni sifa njema. Na mwenyeji akikuonyesha chakula mezani na kusema "Help yourself", anakukaribisha upakue mwenyewe kadiri upendavyo. Mtu asijaribu kuligeuza neno hilo neno kwa neno kwa Kiswahili mbele ya wageni wanaokula! Wazee wanajua kwa nini.

Mtu afanye nini basi, akiwa peke yake mbele ya karatasi ya Kiingereza? Asome kwanza sentensi nzima, na zile zilizo mbele na nyuma yake. Ikiwa habari ni ya ugonjwa na ghafula msitu umetokea, au habari ni ya fedha na paka ameingia, hapo kuna msemo. Katika kamusi kubwa msemo hupatikana chini ya neno lake lenye uzito: "woods", "bucket", "teeth". Wala asione haya kumwuliza aliyesema. Baba yule wa Butembo anatuandikia kwamba wiki mbili baadaye mganga alimpelekea ujumbe mwingine: "Your mother is on the mend." Neno la mwisho alilijua kwa mafundi wa nguo, ni kushona panapopasuka, kutia kiraka. Safari hii kamusi aliiacha mahali pake. Akapiga simu, akauliza bila kuzunguka: "Mganga, wataka kusema nini?" Mganga akacheka, akaeleza kwamba mgonjwa anaendelea kupona, naye akaomba radhi kwa ule ujumbe wa kwanza, ambao hakujua uliwafikisha wapi. Mama alirudi kwa njia ile ile ya Kasindi, akiketi mbele karibu na dereva. Sasa wajukuu wake, wakimwona anakaribia mlango, hupiga kelele: "Bibi ametoka msituni!" Naye huwauliza msitu gani.

Kwa wiki ijayo twawaachia sentensi tatu. Msiharakie kamusi. Someni kila sentensi yote, mtafute maana kwa yale maneno mengine, kisha mtuandikie kwa Kiswahili safi. Majibu bora tutayachapa.

"We see our uncle once in a blue moon, perhaps at Christmas, perhaps not even then."

"Stop beating about the bush and tell me plainly how much you owe."

"The two traders did not speak for three years, but they have buried the hatchet and now they share one shop."